Ukungu wa maji kwenye mashine ya nje ya AC wakati wa joto kali: unasaidia wapi, unaharibu wapi

Nyuzi45

Wakuu, habari za humu.

Naleta mada hii kwa sababu kila joto kali likipamba moto swali lile lile hurudi na majibu hugongana. Mmoja anasema alifunga nozeli (vichwa vidogo vya kupuliza maji) za ukungu kwenye mashine ya nje na chumba kikakalika tena. Mwingine anasema alifanya hivyo hivyo na koili (mabomba yenye mapezi yanayotoa joto) ikaliwa ndani ya muda mfupi. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, na ningependa tuchambue sababu badala ya kurushiana maneno.

Tuanze na mashine yenyewe. AC inabeba joto la chumbani na kulitupa nje, basi. Gesi inatoka kwenye kompresa (pampu inayoigandamiza) ikiwa ya moto na yenye presha kubwa, inaingia kwenye koili ya nje, feni inavuta hewa ipite kwenye mapezi ya aluminiamu, gesi inaachia joto na kugeuka kimiminika, kisha inarudi ndani kuchota joto jingine. Ili joto litoke kwenye gesi liingie hewani, lazima gesi iwe ya moto kuliko hewa. Kwa mashine nyingi za nyumbani tofauti hiyo ni kati ya nyuzi 10 na 20. Nje kukiwa na 35, gesi hugeuka kimiminika kwenye 45 hadi 50 na kitu. Nje kukiwa na 46, unazungumzia 56 hadi 66.

BTU (kipimo cha uwezo wa kupoza) unazoziona kwenye kibandiko zimepimwa nje kukiwa na nyuzi 35. Ndiyo hali ambayo kiwango cha kimataifa cha ISO 5151 hukiita T1. Zipo mashine za T3, za maeneo ya joto kali, ambazo hupimwa kwenye nyuzi 46. Mtu ana mashine ya T1 yenye BTU 12,000, nje kuna 45, halafu anashangaa haitoi 12,000. Haiwezi. Kila nyuzi moja inayopanda kwenye koili ya nje hula takribani asilimia 2 hadi 3 ya umeme zaidi kwa kazi ile ile ya kupoza, na uwezo wenyewe nao unapungua. Na saa hiyo hiyo ukuta na paa vinaingiza joto jingi kuliko wakati wowote wa siku.

Sasa maji. Lita moja ikigeuka mvuke hubeba karibu kilojuli 2,400 za joto, yaani kama theluthi mbili ya uniti moja ya umeme. Hiyo inatosha kushusha nyuzi 10 kwenye mita za ujazo zipatazo 200 za hewa. Lakini lita hiyo hiyo ikipashwa tu kutoka nyuzi 25 hadi 35 bila kugeuka mvuke, inabeba kilojuli 42. Tazameni pengo hilo: 2,400 kwa 42. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye koili na kufanya dimbwi chini hayajafanya kazi yoyote ya maana. Kazi imefanywa na yale yaliyopotelea hewani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ukungu unapaswa kupoza hewa inayokwenda kwenye koili, na ukifika kwenye mapezi uwe umeshakuwa mvuke. Karibu madhara yote ninayoyasikia yanatokana na mtu kulowesha chuma badala ya hewa.

Mafundi na waliojaribu, karibuni.

---

Fundi Geji

Mkuu umeeleza vizuri. Mimi niongeze ya kazini.

Kwanza, kabla ya nozeli, osheni koili. Naongea kwa msisitizo kwa sababu nusu ya mashine ninazoitiwa kwa "joto limezidi" zina tatizo la uchafu. Na uchafu hauonekani kwa kutazama tu. Koili nyingi zina safu mbili. Ya nje inaonekana safi, lakini ukipenyeza tochi unakuta katikati ya safu mbili kuna blanketi la vumbi lililoshikamana na nyuzi za nguo na mabawa ya wadudu. Maji yapitishwe kutoka ndani kwenda nje, kinyume na njia ya hewa. Ukipiga kutoka nje unalisindilia lile blanketi. Presha ya maji iwe ya kawaida, kwa sababu mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi na yakishalala hewa haipiti. Na umeme uwe umezimwa kwenye swichi kuu, si kwa rimoti.

Pili, jueni hewa inaingilia wapi. Mashine ya nje ya split (AC ya vipande viwili, kimoja ndani kimoja nje) huvuta hewa kwa nyuma na ubavuni, na kuitoa mbele kwenye feni. Nimekuta watu wamepanga nozeli safi kabisa mbele ya feni. Ukungu wote unasukumwa barabarani, koili haipati hata chembe.

Tatu, presha. Kwa wenye mashine za gesi ya R-410A: koili ikiwa kwenye nyuzi 50, geji ya presha ya juu inasoma kama PSI 430. Ikifika 60 inasoma kama 540. Swichi ya presha ya juu kwenye mashine nyingi hukata ikishapita 600. Kwa hiyo saa nane mchana, koili chafu kidogo, ukuta nyuma umebana, mashine iko ukingoni. Hapo ndipo unaona inawaka, inazima, inawaka, inazima. Halafu R-410A inafikia kikomo chake cha kugeuka kimiminika kwenye nyuzi 71 au 72 hivi, wakati R-22 ya zamani ilikuwa 96 na R-32 ni 78. Ndiyo maana wazee wanasema mashine zao za zamani zilivumilia jua kuliko hizi. Wana hoja: gesi ikikaribia kikomo chake, uwezo unaporomoka haraka.

Kwa mashine iliyo ukingoni hivyo, ukungu unaoshusha nyuzi tano au sita tu unaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kufanya kazi na kukata.

---

Mvuvi wa Kivuli

Mimi nimefunga na sijaona kitu. Kwetu hewa ina unyevu mwingi, nguo zinakauka kwa taabu hata jua likiwa linawaka. Nozeli nne, ukungu mzuri, mapezi yanalowa chapachapa, chumba hakijabadilika. Nikifunga maji au nikifungua, ni vile vile. Nimekosea wapi?

---

Nyuzi45

Hujakosea ufungaji, ndugu yangu. Hewa yako haina nafasi ya kupokea maji.

Kipimo cha kuangalia hapa ni joto la balbu nyevu. Unachukua kipimajoto, unafunga kitambaa chenye maji kwenye balbu, unakipepea mpaka namba iache kushuka. Hiyo namba ndiyo sakafu: ukungu, hata uwe mzuri vipi, hauwezi kushusha hewa chini ya hapo.

Chukua hewa ya nyuzi 42 yenye unyevu wa asilimia 15. Balbu nyevu ni kama 22. Una nyuzi 20 za kuchezea, na hata nozeli za wastani zinazopata nusu tu zinakupa nyuzi 10. Sasa chukua hewa ya nyuzi 34 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo nadhani ndiyo hali yako. Balbu nyevu ni 30. Una nyuzi 4 tu, nusu yake ni 2. Hizo mbili huzihisi chumbani. Na maji yasiyopata pa kwenda ndiyo hayo yanayolowesha mapezi chapachapa.

Kwa hiyo wewe ningekushauri uzing'oe hizo nozeli uzihifadhi. Mwenye hewa yenye unyevu anapata faida zaidi kwa kuosha koili, kuipa mashine nafasi ya kupumua na kuzuia jua kwenye madirisha.

---

Tone la Asubuhi

Je, yale maji yanayotoka kwenye bomba la AC ya ndani? Ni safi na ni ya bure. Kwa nini tusiyarudishe kwenye koili ya nje?

---

Nyuzi45

Wazo zuri, na wenye viwanda waliliona zamani. Zile AC za dirishani nyingi zina duara kwenye ncha za feni ya nje, linachota maji yaliyodondoka kutoka koili ya ndani na kuyarusha kwenye koili ya moto. Ndiyo maana ukiisikiliza AC ya dirishani wakati wa unyevu unasikia mchapochapo wa maji kwa nyuma. Si ubovu. Msitoboe tundu chini ili "maji yatoke".

Kwa split kuna mkwamo. Mashine ya BTU 12,000 kwenye hewa yenye unyevu mwingi hutoa lita moja hadi mbili kwa saa. Kwenye hewa kavu hutoa kidogo sana, pengine matone tu. Yaani pale maji yanapopatikana ukungu hausaidii sana, na pale ukungu unaposaidia maji hayo hayapo. Kama yapo yatumie, ni maji mazuri, karibu hayana chumvi. Ila hayatatosha kuendesha mfumo peke yake.

Hesabu ya mahitaji: feni ya nje ya mashine hiyo husukuma kama mita za ujazo 2,000 za hewa kwa saa. Kushusha hewa yote hiyo nyuzi 10 unahitaji lita 9 na kitu kwa saa. Chini ya hapo unapata sehemu ya faida.

---

Bi Rekebisha

Hapo kwenye lita 9 ndipo na mimi niingilie, kwa sababu kila mtu anaongelea maji kana kwamba maji yote ni sawa.

Chukueni kipimo cha TDS, kile kidogo cha kuchovya. Maji mengi ya kisima hupita 300, na mengine hupita mbali sana. Tuseme 300, maana yake miligramu 300 za chumvi na madini kwa kila lita. Mashine ikifanya kazi saa nane kwa siku kwa lita 9, ni kama lita 70. Zidisha: gramu 21 kwa siku. Kwa siku 100 za joto ni kilo 2 na ushee. Maji yanaondoka kama mvuke, madini hayaendi popote. Si yote yatakayoganda kwenye koili, mengine yatapeperuka kama vumbi jeupe, lakini hata robo ya hizo kilo mbili ikishika kwenye mapezi yaliyoachana kwa milimita moja na nusu hivi, mtanikumbuka.

Nimeshika koili ya namna hiyo mkononi. Kwa mbali inaonekana imepakwa rangi nyeupe. Ukiisugua kwa kucha inatoa unga, na chini ya unga kuna gamba gumu la chokaa, lile lile linaloota ndani ya birika. Ukilibandua, pezi linakuja nalo kwa sababu aluminiamu chini yake imeshaliwa. Pale pezi linaposhikana na bomba la shaba ndipo inapoanzia, kwa sababu metali mbili tofauti zikiloana pamoja kwa maji ya chumvi, moja hula nyingine, na anayeliwa hapo ni aluminiamu. Mapezi ya bluu au ya dhahabu yana tabaka la kuyakinga na yanachelewa, lakini likikwaruzwa mahali ugonjwa ni ule ule.

Kwa hiyo maji ya mvua yaliyochujwa, maji ya AC yenyewe, au maji ya mtambo wa kuchuja wa RO. Hayo ndiyo ya kutumia. Na tafadhali, wale wenye kile kichujio cha kulainisha maji kinachojazwa chumvi, msidanganyike. Kile kinatoa kalisiamu na kuweka sodiamu mahali pake. Kipimo cha TDS hakishuki. Gamba gumu mtalikwepa, lakini mtabaki na chumvi inayofyonza unyevu wa usiku na kuendelea kutafuna aluminiamu wakati mmelala.

---

Kwa Vitendo

Dada Bi Rekebisha ameokoa koili za watu. Na mimi niseme habari ya nozeli.

Ukubwa wa tone ndio kila kitu. Presha ya bomba la kawaida la nyumbani, bar 3 au 4, hutoa matone makubwa kiasi, mengi ni ya kipenyo cha mikroni (elfu moja ya milimita) 50 na kuendelea hadi zaidi ya 100. Tone kama hilo linahitaji muda hewani, na kati ya nozeli na koili lina sekunde moja au chini. Pampu za presha kubwa, za bar 70 hivi, hutoa matone ya mikroni 10 hadi 20 yanayotoweka karibu papo hapo. Tatizo ni kwamba pampu hiyo ina gharama, ina kelele, na tundu la nozeli ni dogo mno kiasi kwamba uchafu wowote unaliziba. Bila kichujio kabla ya pampu usianze.

Kwa wenye presha ya bomba, njia niliyoridhika nayo ni wavu. Unatengeneza fremu nyepesi, unatandaza wavu wa kivuli wenye matundu, unaisimamisha nyuma ya mashine ikiwa imeachana na koili walau kwa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Nozeli zinapuliza kwenye wavu. Matone makubwa yananaswa pale, hewa inayovutwa inapita kwenye nyuzi zilizoloa na kupoa, na madini yanaganda kwenye wavu. Wavu ukishakuwa mweupe unautoa, unauloweka kwenye siki, unaurudisha, au unaweka mwingine. Koili inabaki kavu. Angalizo: wavu mzito au mchafu unabana hewa, na ukibana hewa umefuta faida yote. Ukiweka karatasi nyepesi kwenye wavu feni ikiwa inazunguka, ivutwe na ishike vizuri. Ikidondoka, hewa haipiti.

Kipimo kingine rahisi, kwa mwenye kupuliza moja kwa moja hewani. Washa ukungu, subiri dakika chache, zima mashine kabisa, gusisha karatasi kavu kwenye mapezi. Ikitoka na madoa ya maji, nozeli ziko karibu mno au ni nyingi mno. Zisogeze nusu mita hadi mita nzima, punguza idadi.

Na sanduku la umeme la mashine, lile la ubavuni kwenye valvu, lisielekezewe nozeli. Mashine ya nje imejengwa kuvumilia mvua. Ukungu unaoingia kila upenyo kwa saa nane kila siku ni kitu kingine, na bodi ya inveta (mashine inayobadili kasi ya kompresa) ikipata kutu hakuna cha kuungaunga.

---

Simba wa Mpira

Nyie mnazungusha mambo. Mimi nachukua mpira wa bustani, naelekeza kwenye koili dakika kumi saa nane mchana, chumba kinapoa. Koili yangu ni nzima.

---

Fundi Geji

Simba, kinapoa, hilo sikatai. Koili iliyolowa moja kwa moja inatoa joto vizuri kuliko koili kavu yenye hewa iliyopozwa. Viwandani kuna kondensa (koili za kutupa joto) zilizotengenezwa ziloane muda wote. Lakini zile zina mabomba ya metali iliyokingwa, zina karo la kukusanya maji, kuna kiasi cha maji kinachomwagwa kila mara ili madini yasirundikane, na kuna mtu wa kuyatibu maji yake. Split ya nyumbani haina hata kimoja.

Mpira mara moja moja ili kunusuru mashine iliyokata, sawa. Maji tele yanayotiririka huacha madini machache kuliko ukungu unaokaukia pale pale. Ukifanya kila siku, kila mkauko unaacha kitu.

Wapo wanaoogopa kwamba maji ya baridi yatapasua bomba la moto. Hiyo ondoeni hofu. Shaba kwenye nyuzi 60 au hata 90 haipasuki kwa maji.

Ila kuna jambo moja naomba mafundi wenzangu tuliache. Mtu anakuta presha iko juu kwa sababu ya joto, anamwagia koili maji mpaka geji inashuka, kisha anaongeza gesi kwa kuisoma geji hiyo. Koili ikikauka, ile gesi ya ziada inarundikana kwenye koili ya nje, presha inapanda kuliko mwanzo, mashine inakata na mteja anaambiwa kompresa imechoka. Gesi ijazwe kwa mzani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko. Koili iwe kavu wakati wa kupima.

---

Zamu ya Usiku

Nafanya kazi ya afya, naomba mnisikilize kidogo.

Ukungu wa maji ya uvuguvugu ni njia ya bakteria kuingia kwenye mapafu. Mwaka 1976 wajumbe wa mkutano wa wanajeshi wastaafu kwenye hoteli moja jijini Philadelphia, Marekani, walipatwa na homa kali ya mapafu, baadhi yao wakafa, na bakteria aliyegunduliwa akapewa jina la Legionella kutokana na chama chao. Tangu hapo mifumo ya kupozea yenye maji imehusishwa na milipuko mingi. Bakteria huyu hustawi kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 42 hivi, hasa maji yaliyotuama. Sasa fikirieni mpira mweusi umelala juani na maji ya jana ndani yake. Ndiyo joto analolitaka.

Hamwambukizwi kwa kuyanywa kama kawaida, ni kwa kuvuta matone madogo. Kwa hiyo: maji yasilale kwenye mpira wala tangi. Kila mkimaliza, mwageni. Asubuhi, kabla ya kuwasha ukungu, ondoeni nozeli au fungueni mwisho wa mpira maji ya usiku yatoke yote chini bila kupuliziwa hewani. Tangi liwe kivulini, lifunikwe, lisafishwe. Msipulize karibu na dirisha lililo wazi au mahali anapokaa mzee, mvutaji wa sigara au mtu mwenye kifua kibovu. Na hii ya kuzungusha maji yale yale tena na tena kutoka kwenye ndoo, kwa nyumbani, mimi siiungi mkono hata kidogo.

---

Mvuvi wa Kivuli

Asante kwa hili. Sikuwahi kulifikiria kabisa.

---

Umeme Mdogo

Swali la bili. Nina inveta. Nimepima kwa klampu mita (kipima umeme cha kubana waya) kabla ya ukungu na baada, ampea hazijashuka. Ina maana haifanyi kazi?

---

Nyuzi45

Inafanya, ila faida imekwenda kwingine.

Mashine ya kasi moja ina kompresa inayozunguka vile vile muda wote. Presha ikishuka, mzigo unashuka, ampea zinashuka, unaona mara moja kwenye mita. Inveta ina akili ya kujilinda. Joto likizidi hupunguza kasi ya kompresa yenyewe ili presha na joto la gesi visipite kiwango. Ukiipa hewa iliyopoa, inajiona iko salama na kurudisha kasi. Ampea zinabaki pale pale lakini baridi inayoingia chumbani imeongezeka. Chumba kikishafikia joto uliloliweka, ndipo itapunguza na utaona ampea zikishuka. Pima hewa inayoingia na inayotoka kwenye mashine ya ndani. Ikiwa ina kasi kamili na afya nzuri, tofauti huwa nyuzi 8 hadi 12 hivi. Ikiwa ulikuwa na 6 na sasa una 9, umepata ulichokitaka.

Kuhusu bili yenyewe niwe mkweli kwenu, kwa sababu naona watu wanauziwa ndoto. Tuseme mashine inakula kilowati 1.3 kwenye joto kali na ukungu unakuokolea asilimia 20. Hiyo ni kama robo uniti kwa saa. Kwa robo hiyo umetumia lita 9 au 10. Maana yake karibu lita 40 za maji safi kwa kila uniti moja ya umeme unayookoa, na bado hujatoa umeme wa pampu. Mahali ambapo maji yanabebwa kichwani au yanakuja kwa zamu, mimi naona si haki kuyatumia hivyo ili kupunguza bili. Ukungu una maana pale ambapo mashine inakata au chumba hakishuki na ndani kuna mtu ambaye joto linaweza kumdhuru. Hapo lita 40 si kitu.

---

Ghorofa ya Sita

Sisi wa maghorofa mnatuambiaje? Mashine zetu zimepangwa kwenye kisima cha hewa (uwazi mwembamba wa jengo), moja juu ya nyingine. Ya juu kabisa haipozi kitu.

---

Fundi Geji

Hiyo ya juu inavuta hewa iliyotapikwa na zile za chini. Pima joto la hewa nyuma ya mashine yako, si joto linalotangazwa kwenye utabiri wa hali ya hewa. Nje kunaweza kuwa na 38 na nyuma ya mashine yako kuna 50. Kabla ya maji, tafuta njia ya hewa hiyo moto isirudi: bati la kuielekeza mbele ya feni, kuondoa vitu vilivyorundikwa, kuisogeza mashine itoke kwenye kona. Vile vile funga sponji upya kwenye bomba nene linalorudisha gesi, limechanika kwa wengi na jua linalipiga moja kwa moja.

Kivuli juu ya mashine kinasaidia kidogo tu, kwa sababu hewa inayovutwa inatoka eneo zima. Kivuli kwenye dirisha lako kinasaidia zaidi. Na kisanduku cha urembo kinachofunika mashine pande zote, kitoeni leo.

Kwenye kisima cha hewa cha pamoja sikushauri ukungu hata kidogo. Unyevu wako unakwenda kwa jirani, na aliyosema Zamu ya Usiku yanakuhusu moja kwa moja.

---

Tone la Asubuhi

La mwisho kwangu. Nina hewa kavu, nina maji ya mvua kwenye tangi lililofunikwa, koili imeoshwa. Niache ukungu muda wote AC ikiwaka?

---

Kwa Vitendo

Usiache. Nje kukiwa chini ya 35, mashine iko kwenye hali iliyotengenezewa, haihitaji msaada. Ukiipoza sana jioni, presha ya nje inashuka kupita kiasi, gesi haisukumwi vya kutosha kupitia kapilari (kibomba chembamba cha kupunguza presha), na koili ya ndani inaweza kuanza kuganda barafu. Mashine zenye valvu ya kielektroniki zinajirekebisha zaidi, lakini hata hizo maji yanapotea bure.

Weka valvu ya umeme kwenye njia ya maji, iendeshwe na vitu viwili kwa pamoja: swichi ya joto iliyowekwa 35 au 38, na umeme wa feni ya nje. Feni isipozunguka, maji yasipite, vinginevyo ukungu utakaa pale pale na kuloanisha kila kitu. Kazi ya kuunganisha kwenye feni apewe fundi umeme, na kwa inveta nyingi feni ni ya DC, kwa hiyo tumia swichi ndogo ya bawa inayosukumwa na upepo wa feni badala ya kugusa bodi. Kama mashine ina waranti, soma masharti kwanza.

Kihisi cha joto kikae kivulini, upande ambao upepo wa feni haufiki na ukungu haufiki. Kikilowa kitadhani nje kumepoa, kitafunga maji, kitakauka, kitafungua, na valvu itagonga hivyo mchana kutwa. Dakika kumi hivi kabla ya kuzima AC, funga maji kwanza na uiache feni izunguke, mapezi yakauke kabisa.